WALIPEWA KARATASI, HAWAKUPEWA MKARAFUU



Ndugu zangu, wiki iliyopita nilipata ujumbe mrefu kutoka kwa kijana mmoja. Ni muuguzi, ana kazi yake, anaswali, na mtaani hana sifa mbaya. Alipeleka posa katika nyumba moja ya watu wa pwani. Baba wa binti akaridhika, mama akaridhika, binti mwenyewe kwa hakika ndiye aliyeridhika kabla ya wote. Siku ya kupokea jibu akasimama ami yake binti, akasema maneno mawili tu: "Hatujui kwao." Shughuli ikaishia hapo. Juisi ikanyweka kimya kimya, watu wakatafuta viatu vyao mlangoni.

Nilidhani kijana ataniuliza hukumu ya kukataliwa namna ile. Hakuuliza. Aliandika hivi: "Sheikh, kwetu kunajulikana. Ni Pemba. Babu wa babu yangu alilima shamba lile, na mwanawe akalima, na babu yangu naye. Lakini zamani zile zote hatukuwa na mti hata mmoja pale. Bibi alikuwa akituambia sisi ni watu wa mhogo. Kwa nini watu wakae pahala vizazi vitatu wasiwe na mti?"

Hilo la mti limenikosesha usingizi kuliko la posa. Jibu lake liko katika historia yetu, na kwa kuwa sisi wahadhiri tunapenda kusimulia historia ya Makka na Baghdad na kuiruka ya hapa nyumbani, leo tubaki nyumbani. Darsa ni refu. Anayetaka kutia chai, atie sasa.

Tuanze na maneno yetu wenyewe, kwa sababu lugha ni shahidi asiyehongwa. Tunasema "mtu muungwana", tukikusudia mtu mwenye adabu. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye ukoo mjini, mwenye nyumba, mwenye makaburi ya wazee wake yanayojulikana. Kinyume chake hakikuwa mtu asiye na adabu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Tunasema "ustaarabu". Neno hilo lina Uarabu ndani yake, na lilipata nguvu katika karne ya 19, wakati utawala wa Mabusaidi ulipohamia Unguja na watu wa miji wakaanza kupima heshima kwa kipimo kipya. Tunasema "kibarua" kila siku, kwa mtu anayefanya kazi ya kutwa. Asili yake ni barua ndogo, kijikaratasi. Mtumwa wa mjini alikodishwa kazi ya siku kwa tajiri mwingine, na ujira wake akaugawana na bwana wake. Leo mtu akisema "nimekosa kibarua" hajui kwamba anatamka historia ya watu ambao hata jasho lao halikuwa lao lote.

Wala usidhani watumwa wote walikuwa ngazi moja. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, kutoka upande wa Nyasa au Manyema, hajui lugha wala hajui kuswali, huyo aliitwa mjinga, maana yake mgeni asiyejua mambo. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, naye alimdharau yule mjinga. Kulikuwa na watumwa wa shamba, wa nyumbani, mafundi, manahodha, wasimamizi wa misafara. Kulikuwa na masuria. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Ndugu zake wengi nao walizaliwa na masuria. Hakuna mtu katika Unguja yote aliyesimama akasema hatujui kwao. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa suria anafuata baba, na baba alikuwa Seyyid Said. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa wazi kwamba damu ya utumwa si tatizo, kama kuna baba mwenye jumba la kukutia ndani. Tatizo ni damu hiyo bila jumba.

Sasa tuingie shambani, ndipo lilipo jibu la kijana wetu.

Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Katika muda wa miaka 30 hivi ikafunika sehemu kubwa ya magharibi ya Unguja, na ikavuka kwenda Pemba. Mti huu una tabia ya kuvumilia na kuvumiliwa. Ukiupanda leo, utangoja miaka sita, saba au zaidi kabla hujachuma cha maana. Lakini ukishika, utakuzika wewe na utamlisha mjukuu wako. Kazi yake ni nyingi: kupalilia, na ukifika msimu, kupanda juu, kuchuma, kutenga na vikonyo, kuanika. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa waliovushwa kutoka bara kwa maelfu kila mwaka. Desturi ya mashamba mengi ilikuwa mtumwa afanye kazi ya bwana siku tano, na Alhamisi na Ijumaa alime kijipande chake apate chakula. Kijipande hicho kilikuwa cha mhogo, viazi, mtama.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash akatia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyogongana: karafuu zinahitaji mikono Pemba, na bahari imefungwa. Watu wakaendelea kuvushwa kwa magendo, usiku, kwa majahazi madogo. Yamkini babu wa babu yake kijana wetu alivuka katika usiku mmojawapo.

Hapa nisimame kidogo. Nimewahi kusikia katika mimbari zetu mtu akijitetea kwamba utumwa wa pwani ulikuwa wa kisheria, una hukumu zake katika vitabu vya fiqhi. Vitabu vina hukumu, kweli. Vina mlango wa kuacha huru, vina mkataba wa mtumwa kujinunua, vina suria anayekuwa huru bwana wake akifa iwapo amemzalia, vina fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa. Lakini vitabu hivyohivyo vinasema mtu huru hauzwi, na anayemuuza mtu huru akala thamani yake atashitakiwa na Allah mwenyewe Siku ya Kiyama. Mtoto aliyeshikwa kwenye konde la mama yake karibu na Ziwa Nyasa, katika uvamizi wa kijiji kwa ajili ya nguo na bunduki, ni mateka wa jihadi gani? Swali hili masheikh wa zama zile walilijua. Wachache walilisema kwa sauti, na biashara ikaendelea.

Tufike mwaka 1897. Zanzibar tayari ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Agosti 1896 walikuwa wameipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja na kumweka Sayyid Hamoud bin Mohammed. Tarehe 6 Aprili 1897, Sayyid Hamoud akatoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Watoto shuleni hufundishwa: mwaka 1897 utumwa ukakomeshwa. Lakini someni amri yenyewe inasemaje.

Kwanza, uhuru haukutolewa kwa wote siku moja. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na akikubaliwa anapewa hati. Aliyekuwa shamba la mbali, hajui mahakama iko wapi, au anamwogopa bwana wake, aliendelea kama alivyokuwa.

Pili, fidia ilikuwepo, tena kutoka hazina ya serikali. Alilipwa bwana. Aliyefanya kazi bure miaka 20 hakupewa pesa, jembe wala shubiri ya ardhi. Aliyefanyiwa kazi bure ndiye aliyefidiwa kwa hasara.

Tatu, aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoonyesha, ahesabiwe mzururaji. Sasa mtu ambaye jana alikuwa mali ya mtu, makazi maalumu atayatoa wapi? Ni kwa yuleyule bwana wake. Watawala waliliandika hilo kwa makusudi, kwa kuwa waliogopa karafuu zitakosa wachumaji na hazina itakosa ushuru.

Nne, masuria hawakuguswa. Walihesabiwa kama wake wa nyumbani, na hawakuweza kudai kuondoka ila kwa kuthibitisha ukatili. Ilibidi ingojwe amri nyingine mwaka 1909.

Pwani ya Kenya ilingoja mpaka 1907. Tanganyika, Wajerumani walisema tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na wazazi wao wakaachwa hivyohivyo. Utumwa haukufutwa kisheria huko mpaka 1922, Waingereza walipokwisha kuishika nchi. Maana yake, humu mtandaoni wamo wazee ambao bibi zao walizaliwa wakati mtu bado anamilikiwa. Si habari za kale sana hizi.

Basi mtumwa wa Pemba akarudi na karatasi yake mpaka shambani. Bwana wa shamba naye ana dhiki: anahitaji watu, na mara nyingi yuko kwenye deni la wafanyabiashara wa Kihindi waliomkopesha kwa rehani ya mavuno. Wakakubaliana. Aliyekuwa mtumwa abaki kwenye shamba, ajenge kibanda chake, alime chakula kati ya mikarafuu, na kwa kulima huko magugu yatakuwa yanapaliliwa. Msimu ukifika atachuma kwa ujira, analipwa kwa pishi alizochuma. Alime mhogo, viazi, chochote cha msimu. Isipokuwa jambo moja. Asipande mti.

Hapo ndipo penye fundo lote. Visiwani mti una mwenyewe, na ardhi inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Mtu akipanda mnazi au mkarafuu, mti ule ni wake, atadai, atauza, atarithisha. Mhogo ukishang'olewa umekwisha. Haumpi mtu haki kesho. Kwa hiyo mwenye shamba alimruhusu mgeni wake kila kitu kinachoisha, akamkatalia kile kinachobaki. Mwanangu uliyeniandikia, hiyo ndiyo maana ya maneno ya bibi yako. "Watu wa mhogo" halikuwa tusi wala sifa ya mapishi. Ilikuwa hadhi. Ni watu wanaoruhusiwa kula na hawaruhusiwi kurithisha.

Tunajivunia, na ni haki yetu kujivunia, kwamba hukumu zetu za mirathi zinagawa mali mpaka kwa binti na bibi, hairundikwi kwa mtoto mmoja wa kiume. Lakini sheria ya mirathi inagawa kilichopo. Kwenye shamba moja, Ijumaa moja, kadhi anagawa mikarafuu 300 kwa warithi tisa. Hatua 40 kutoka hapo amekufa mzee mwingine, Muislamu vilevile, ameacha jembe, sufuria na mkeka. Wote wawili wamegawiwa kwa sheria moja, tena kwa haki. Baada ya vizazi vitatu fanya hesabu wewe.

Nisiwe dhalimu katika maelezo. Pemba, kuliko Unguja, wenyeji wengi walikuwa na miti yao, na mashamba madogo yalikuwa mengi. Tena matajiri wengi wa mashamba walikuwa matajiri wa jina tu, kila mkarafuu una deni lake. Mjerumani mmoja, Max Weber, aliyefariki 1920, ambaye wanafunzi wa elimujamii hawawezi kumkwepa, alitofautisha tabaka la mali na daraja la heshima, akaonyesha kwamba mtu anaweza kupoteza la kwanza akabaki na la pili. Sisi wa pwani tulilijua bila chuo kikuu. Tumewaona wazee wenye nyumba za mawe zinazovuja, hawana cha kupika, lakini ukipita barazani kwao unashusha sauti.

Na heshima ilikuwa na alama zake, wala haikuachwa iwe ya moyoni. Mtumwa hakuvaa viatu mbele ya waungwana. Hakufunika kichwa. Mwanamke mtumwa alivaa kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza, na stara ya uso na mwili ikawa pambo la mwanamke huru. Lamu, bibi wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa, kitu kama hema kilichoshikwa kwa miti, na walioishika miti hiyo walikuwa wajakazi wake, wao wakiwa wazi. Fikirini hapo. Sitara ambayo sisi tunaihubiri kuwa ni ya kila mwanamke Muislamu, jamii yetu iliwakataza baadhi ya wanawake Waislamu, kwa kuwa wakijisitiri nani atajua ni watumwa?

Ndiyo maana mara baada ya uhuru watu walikimbilia nguo. Kanzu, kofia, kanga, buibui. Wazungu waliokuwepo waliandika kwa kejeli kwamba watumwa wameachwa huru wanapoteza pesa kwa mavazi. Hawakuelewa. Mtu ambaye alivuliwa utu wake kupitia nguo, ataudai kupitia nguo.

Mfano mnaoujua wote ni Siti binti Saad. Mambo ya muziki tuyaweke kando leo, msinitoe nje ya mada. Natazama jina. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, wazazi wake wana asili ya bara na maisha yao yalikuwa ya utumwa. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Hivyo tu, Mtumwa binti Saad. Alifinyanga na kuuza vyungu, akaingia mjini karibu mwaka 1911, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sauti yake kwenye santuri, wa kwanza kati ya wanawake wa pwani hii. Jina la Siti alilipata mjini, na maana yake ni bibi mwenye hadhi. Kutoka Mtumwa mpaka Siti katika umri mmoja. Lakini yeye alikuwa na sauti ambayo haikuweza kuzuiwa. Wasiokuwa na sauti ya namna ile wakakaa Ng'ambo, kwenye vibanda vya udongo, wakilipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, mpaka mwaka huohuo wa 1928 walipogoma kulipa.

Sasa tuvuke kaskazini, twende Lamu, kwa sababu huko lilitokea jambo la kisomo ambalo Unguja halikutokea kwa sura ile.

Lamu ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa mji wa pande mbili. Mkomani, upande wa kaskazini, nyumba za mawe za waungwana. Langoni, upande wa kusini, nyumba za udongo na makuti, watu wa kuja, Wangazija, Wahadhrami maskini, na pembezoni watumwa na walioachwa huru. Elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa nyumba chache. Mtumwa alifundishwa cha kumwezesha kuswali, na ikaonekana kinamtosha. Tafsiri ya Qur'ani, fiqhi, lugha ya Kiarabu, hizo zilikuwa mali ya ukoo kama vile mikarafuu ilivyokuwa Pemba. Elimu nayo ni mti. Anayeipanda anairithisha.

Akaja Habib Saleh bin Alwy Jamalil-Layl, sharifu kutoka Ngazidja. Kwa nasaba yake angeweza kukaa Mkomani, akabusiwa mikono na kula vizuri. Yeye akaenda kuishi na watu wa pembezoni, akawatibu, akawasomesha watoto wao, na akafungua darsa la tafsiri mbele ya watu ambao mji haukuwahi kufikiria kwamba nao wanahitaji kuelewa maneno ya Mola wao. Akasoma maulidi pamoja nao, kwa matari, na ngoma zao zikakaribishwa. Wakubwa wa mji walikasirika. Kukasirika kwao kuliletwa kama suala la dini: matari msikitini, je, yanafaa? Na hilo ni suala la kielimu, lina hoja zake, na mimi na nyinyi tunaweza kukhitalifiana ndani yake mpaka asubuhi. Lakini ukitazama nani amekasirika na nani amefurahi, unaona kwamba chini ya suala la matari kulikuwa na suala la nani anaruhusiwa kukaa mbele ya kitabu. Karibu mwaka 1900 ukajengwa Msikiti wa Riyadha, Langoni. Mpaka leo wanafunzi wanatoka mbali kwenda kusoma pale.

Alipofariki, katikati ya miaka ya 1930, waungwana wengi wa Mkomani walikuwa wamepoteza mashamba yao ya bara ng'ambo ya maji, kwa kuwa waliokuwa wakiyalima wamekwenda zao. Na watoto wa waliokuwa watumwa walikuwa wakisoma vitabu ambavyo baba zao walikuwa wakivibeba tu kichwani kumfuata bwana mdogo chuoni.

Nalazimika kuongeza, na wapenzi wa Riyadha wanisamehe, kwamba ngazi ile haikuondoka, ilibadilishwa mlingoti. Mahali pa mwungwana akakaa sharifu. Watu waliokuwa hawana njia ya kupanda kwa ukoo walipata njia ya kupanda kwa elimu na mapenzi kwa Mtume (S.A.W.), na hilo ni kubwa. Lakini kileleni pakabaki pa nasaba. Wahadhrami wenzao kule Java waligombana hadharani kwa jambo hili hili: Ahmad Surkati, mwanachuoni wa Kisudani, alisema inafaa sharifa kuolewa na Muislamu asiye sharifu, ikawa fitina, mpaka mwaka 1914 ikaanzishwa jumuiya ya Irshad. Sisi hatukugombana. Tulinyamaza, tukaendelea kuoana ndani kwa ndani.

Na hapo tumerudi kwenye posa.

Neno tunalolitumia ni kufu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyotawala pwani hii, kufu ipo, na wanachuoni walihesabu ndani yake nasaba, uhuru, kazi ya mtu, dini yake. Siwezi kuwadanganya kwamba haimo vitabuni. Lakini someni pamoja na hilo mambo mawili. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa Unguja na Lamu kizazi baada ya kizazi, ameichagua kauli kwamba utajiri hauhesabiwi katika kufu. Hakuhesabu mikarafuu. Na kufu yenyewe ni haki ya binti na walii wake, wakiridhia wao, ndoa ni sahihi. Imam Malik yeye alitazama dini kabla ya yote.

Kisha fungueni Sahih Bukhari, kitabu cha nikaha, mlango unaohusu kufu katika dini. Bukhari ameweka hapo kisa cha Abu Hudhayfa, Mkureishi wa nyumba kubwa, na Salim, aliyekuwa mtumwa wa mwanamke mmoja wa Kiansari akaachwa huru. Abu Hudhayfa alimwoza Salim binti wa kaka yake, Hind binti al-Walid. Mmeona aliyeoza ni nani? Ni ami.

Nitamaliza na hesabu ya Ibn Khaldun. Yeye alifariki 1406, na katika Muqaddima aliandika kwamba utukufu wa nyumba huwa unamalizika katika kizazi cha nne: wa kwanza anajenga, wa pili amemwona mjenzi, wa tatu anaiga tu, wa nne anadhani utukufu ni haki ya kuzaliwa, anaupoteza. Nimeisoma mara nyingi, na mara hii nikajiuliza kuhusu upande wa pili. Kutoka 1897 mpaka leo ni vizazi vinne, vitano. Kama utukufu unaisha kwa wanne, mbona unyonge haukuisha? Utukufu ukiachwa wenyewe unaoza, kwa sababu unategemea juhudi. Unyonge hauhitaji juhudi ya aliye chini; unahitaji tu walio juu waendelee kukumbuka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa mchele Zanzibar uliangalia mtu ni Mwarabu au Mwafrika. Serikali ilikuwa inasaidia watu kukumbuka. Na kilichokataliwa kwa amri mwaka 1897, yaani ardhi, kilikuja kuchukuliwa baada ya Januari 1964, baada ya maelfu kuuawa, wengi wao wakiwa hawana mkarafuu wala deni la mtu. Zile eka tatu zilizogawiwa baadaye zilikuja na damu nyuma yake.

Nilimuuliza kijana wetu kama kwao walipata. Akajibu: walipata. Bibi yake, yule wa mhogo, alipoonyeshwa mpaka wa eka zake, kitu cha kwanza alichopanda kilikuwa mkarafuu. Alikuwa mtu mzima tayari, na aliambiwa na majirani kwamba hatauchuma. Aliuchuma misimu kadhaa kabla hajafariki. Sasa unachumwa na shangazi zake kijana, na mwaka jana naye alikwenda kusaidia kuanika.

Nimemjibu hivi: walii wa binti ni baba yake, naye alisharidhia, basi baba yako mdogo arudi tena kwa baba wa binti, si kwa ami. Asiende na maneno makali. Akiulizwa kwao ni wapi, aseme ni Pemba, na mti upo.

Wallahu a'lam.